Andika Namba Kwenye Jeli Yako: Mazungumzo Kuhusu Jeli za Flashi

Haya karibuni, naona wa nyuma nao wameshapata viti, tuanze maana muda wenyewe ni lisaa limoja na mimi nikianza kuongelea jeli, zile plastiki nyembamba za rangi tunazoweka mbele ya taa, huwa simalizi mapema. Hapa mezani nina vitu vitatu: flashi ndogo ya kuchomeka juu ya kamera, faili la plastiki lenye mifuko mifuko ndani, na huu mfuko wa nailoni umejaa vipande vya jeli vimejikunja kunja hovyo. Miaka ya mwanzo niliishi na huu mfuko. Nimeuleta makusudi. Ngoja nichomoe vipande viwili, hivi hapa, vyote vya chungwa, naviinua kwenye mwanga, dada wa mbele hapo unaona tofauti yoyote? Huoni eh. Hata mimi kwa macho sioni.

Sasa hivi vipande viwili viliniharibia kazi nzima. Ilikuwa ukumbini usiku, taa za juu ni zile za njano, nikasimamisha flashi mbili kwenye stendi, moja kulia moja kushoto, kila moja nikaivalisha jeli ya chungwa ya nusu, yaani isiyokolea kama ile nzima, ili mwanga wangu usipishane sana na wa ukumbi. Na kweli zilikuwa nusu zote mbili, ila moja ni ya kampuni ya Lee nyingine ya kampuni ya Rosco. Nikapiga masaa manne, kwenye kioo kidogo cha kamera sikuona tatizo, nimefika nyumbani nafungua kwenye kompyuta kila uso una mashavu mawili ya rangi mbili, la kushoto chungwa kabisa, la kulia angalau, na ukirekebisha hili lile linaenda bluu. Picha ya hivyo huiponyi kwa kuvuta slaida moja, inabidi upake uso mmoja mmoja, na zilikuwa mamia.

Kwa nini iwe hivyo wakati zote zinaitwa nusu? Hapa nawaomba mnivumilie na hesabu kidogo, ni ndogo tu. Joto la rangi tunalipima kwa Kelvini, flashi yako iko kwenye 5500 hivi, balbu ya zamani ya waya iko kwenye 2800 au 2900, taa za studio za waya 3200. Lakini jeli haisogezi Kelvini kwa kiasi kile kile kila mahali, kwa hiyo watengenezaji wanatumia kipimo kinaitwa maired, unachukua 1,000,000 unagawa kwa Kelvini. Flashi ya 5500 inakupa 182. Halafu jeli ina namba yake ya kuongeza. Lee 204, hiyo ndiyo chungwa nzima, CTO kama wanavyoiita, inaongeza 159, unapata 341, ukirudisha kwenye Kelvini ni kama 2930, yaani balbu ya nyumbani kabisa. Lee 205, nusu, inaongeza 109, unaangukia 3440 hivi. Nusu ya Rosco, namba 3408, yenyewe inaongeza 81 tu, unaangukia 3800. Si mnaona? Kati ya shavu la kushoto na la kulia kulikuwa na zaidi ya Kelvini 300, halafu mimi nilikuwa naamini nina jeli mbili za aina moja.

Na angalieni kitu kingine hapo hapo, Lee nusu mbili ukizipanga ni 218, nzima yao ni 159. Nusu mbili hazifanyi nzima. Mtu anakwambia bro panga nusu mbili utapata full, kwa Rosco ni sawa karibu kabisa, kwa Lee umepitiliza mbali. Ndiyo maana nasema neno nusu halitoshi kuandikwa kwenye jeli, andika kampuni na namba.

Basi tuje kwenye utunzaji. Watu wengi wanahangaika na jeli kama wanavyohangaika na lenzi, wanafuta alama za vidole, wanaogopa mikwaruzo, wanaogopa mikunjo. Jamani jeli inakaa mbele ya taa, haikai mbele ya lenzi, mwanga ukishapita hapo unasambaa, ile alama ya kidole haionekani popote kwenye picha. Mkunjo hauna neno. Tundu lina neno, maana tundu linapitisha mwanga mweupe na mwanga mweupe unapausha rangi yako, nitarudi hapo. Kwa hiyo usipoteze nguvu kwenye kusugua, weka nguvu kwenye kujua kipi ni kipi na kukipata gizani kwa sekunde tano, maana jeli unaitafuta mtu anakusubiri na taa zimeshapunguzwa.

Mimi nafanya hivi. Karatasi kubwa za jeli nazikata zote siku ile ile ninayozinunua, kipande kinachozidi uso wa flashi kidogo pande zote, na kabla mkasi haujagusa kitu naandika namba kwenye kila eneo litakalokuwa kipande, kwa makapeni isiyofutika, pembeni kabisa. Kabla ya kukata, narudia, maana karatasi imechapwa namba sehemu chache tu au ile lebo ya kubandika iko kona moja, ukishakata vipande kumi namba imebaki kwenye kimoja na vingine vyote ni yatima. Kwenye jeli nyeusi nyeusi kama bluu iliyokolea wino hauonekani, hizo nabandika kipande cha tepu nyeupe ya karatasi pembeni halafu naandika juu yake, na tepu hiyo hiyo inakuwa sikio la kushikia.

Halafu faili. Hili hapa la mifuko, wengine wanatumia zile pochi za zamani za kuwekea sidii, zote sawa, cha msingi kila mfuko una kazi yake. Mfuko wa kwanza chungwa, nzima, nusu, robo, thumni, kampuni moja tu, na hapa siwasikilizi wanaosema changanya tu haina shida. Mfuko wa pili bluu za kurekebisha. Wa tatu kijani ile ya taa za mirija, Lee 244 au 3304 ya Rosco, kimoja kimoja kwa kila flashi niliyonayo. Kuanzia wa nne ndiyo rangi za mapambo, nyekundu, zambarau na kadhalika, na humo hata zikichanganyika hainiumizi kichwa, nyekundu naiona kwa macho. Mnaelewa mantiki yake? Zinazofanana ndizo zinazohitaji nidhamu.

Na kila kitu kiwe seti. Flashi tatu, vipande vitatu vya kila chungwa, vimeshikwa pamoja na kibanio. Kingine, usiziache kwenye gari juani, plastiki inajipinda, na ukitumia tepu kubandika jeli kwenye flashi ibandue siku hiyo hiyo, ile gundi ikipata joto inabaki na kesho vipande vyako vyote vinashikana kama kitabu kilicholowa. Raba ya kufungia ni nzuri kuliko tepu, velkro nzuri zaidi ila isiifunge flashi sehemu ya kihisio.

Nilisema nitarudi kwenye mwanga mweupe. Hapa ndipo penye utamu wenyewe, maana jeli haina rangi ya kukuongezea, inachofanya ni kukata. Flashi inatoa rangi zote, jeli nyekundu inazuia bluu na kijani inaachia nyekundu ipite. Ukilielewa hilo mambo mengine yote yanajipanga yenyewe. Kwanza unapoteza mwanga, lazima. Chungwa nzima inapitisha kama asilimia 55, umepoteza karibu stopu moja, na stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu. Nyekundu ya Lee 106 inapitisha kama asilimia 9, hapo stopu tatu na zaidi zimekwenda, yaani kama flashi ilikuwa kwenye nguvu ya 1/16 bila jeli sasa ipeleke 1/2 na bado utakuwa chini kidogo. Kuna bluu zilizokolea ambazo flashi ndogo inaishiwa pumzi kabisa, utapiga nguvu yote na ukuta bado giza.

Pili, ule mwanga uliozuiwa umeenda wapi? Umekuwa joto ndani ya jeli. Jeli iliyokolea ikibanwa kabisa kwenye uso wa flashi, ukapiga nguvu yote mfululizo mara ishirini thelathini, inaanza kujikunja, na ule uso wa flashi ndogo ni plastiki pia, nimeona flashi uso umeungua doa la kahawia. Acha nafasi ya hewa, hata sentimita moja inasaidia, na ipumzishe. Taa kubwa za studio zenye ile taa ya ndani ya halojeni inayowaka muda wote ni hatari zaidi, hiyo haipumziki, zima au punguza kabla hujaweka jeli karibu. Za LED hazina shida hiyo sana.

Tatu, na hili ndilo swali naulizwa kila siku, mbona rangi yangu imepauka? Nimeweka nyekundu nimepata pinki. Karibu kila mara ni kimoja kati ya viwili. Aidha mwanga mweupe umevuja juu yake, jeli haijaziba pembeni, au flashi kuu ya usoni inamwagika mpaka ukutani, au taa za chumba zinawaka na shata yako ni ya polepole. Au umepiga mwanga mwingi mno. Rangi ikizidishiwa mwanga inakimbilia weupe, ikipunguziwa inakolea, kwa hiyo mtu akiona rangi imepauka anaongeza nguvu ya flashi, ndio anazidi kuipausha! Punguza. Shusha stopu moja, angalia, shusha nyingine. Na ukuta mweupe ndio mgumu kuliko yote kwa sababu unapokea kila mwanga unaopita, ukuta wa kijivu au hata mweusi unatoa rangi nzito ya kupendeza, mimi studio yangu ni kijivu tu na rangi zote nazipata hapo. Msogeze mtu mbali na ukuta, flashi ya usoni ivalishe gridi, kile kifuniko cha matundu kinachozuia mwanga usisambae, basi.

Kwa mwanga mwekundu peke yake usoni kuweni makini. Kihisio cha kamera nyingi kina robo tu ya vipikseli vinavyosoma nyekundu, nusu ni kijani, robo nyingine bluu, kwa hiyo picha ya nyekundu tupu inachorwa na robo ya kihisio na ndio maana inaonekana laini laini. Halafu histogramu ya jumla, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, itakudanganya iko salama wakati nyekundu imeshapasuka, yaani imezidi mwanga, fungua ile ya rangi tatu uangalie nyekundu peke yake.

Kuna mchezo mmoja naupenda kuliko yote na unahitaji jeli moja tu. Jioni, anga bado lina mwanga kidogo, ivalishe flashi chungwa nzima, weka waiti balansi, ile mipangilio inayoiambia kamera mwanga upi ni mweupe, iwe ya taa ya waya, ile yenye alama ya balbu. Kamera sasa inaona kila kitu bluu isipokuwa mtu aliyepigwa na flashi yako, ngozi inatoka ya kawaida, anga lote nyuma yake linakolea bluu ambayo haikuwepo. Hujagusa anga. Mara ya kwanza kuona hicho kitu kwenye kamera yangu nilimwita kila aliyekuwa karibu aje aone.

Naona mkono kule. Ndiyo kaka. Anauliza vile vipande ambavyo havina namba avitupe? Usitupe. Kamera itakwambia. Chumba giza, karatasi nyeupe ukutani, flashi moja, waiti balansi umeifunga isiwe oto, piga RAW, lile faili ghafi la kamera. Piga moja bila jeli, halafu kila kipande kwa zamu, ukiandika mpangilio. Kwenye kompyuta chukua kale kamrija ka kuchagua weupe, bonyeza kwenye karatasi, soma Kelvini. Isiyo na jeli ikisoma 5500 na hii ikasoma karibu 3400, hiyo Lee nusu, ikisoma 3800 hiyo Rosco nusu. Haitakuwa namba kamili kabisa, programu zinatofautiana, ila ukiwa na kipande kimoja unachokijua cha kulinganisha huwezi kukosea. Tena si tunao huu mfuko hapa na makapeni ninayo. Nani yuko karibu na swichi? Tuzimie taa za juu tafadhali, tuanze na hiki.