Ribezi Imefika Hatua ya Tano, Kosa Liko ya Tatu

NJERI: Karibuni tena kipindini, kutoka hapa Nairobi. Leo tuna swali moja: unatumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, na uko katikati ya ribezi, yaani `git rebase -i`, inayoweka upya komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) saba, moja baada ya nyingine, umekwama kwenye mgongano wa hatua ya tano, pale Git inaposhindwa kuunganisha mabadiliko yenyewe, ndipo unagundua kuwa mgongano wa hatua ya tatu uliutatua vibaya. Labda ulifuta mistari ya `nauli.py` inayokagua nauli. Hamisi, wengi hapo hupiga `git rebase --abort`, kuivunja ribezi yote.

HAMISI: Na hapo hupoteza hatua nne zote, hata zilizokuwa sawa. Ni kama matatu ya Ngong Road imekupitisha Prestige ukashukia Adams, kisha unarudi hadi Railways kuanza safari upya. Hakuna haja. Wakati wa ribezi, HEAD, yaani alama ya komiti uliyopo sasa, imejitenga na tawi unalofanyia kazi, na tawi lako halisogei mpaka hatua ya mwisho. Kwa hiyo unaweza kurudisha HEAD nyuma bila kuligusa tawi.

NJERI: Tufanye kwa mkono basi.

HAMISI: Kwanza fungua `.git/rebase-merge/done`. Hapo kuna mistari iliyokwisha kutekelezwa, pamoja na huo wa tano uliokwama. Nakili mistari mitatu ya mwisho. Kisha `git log --oneline`, utafute komiti iliyotokana na hatua ya pili. Halafu `git reset --hard` kwenda kwenye komiti hiyo. Kumbuka, amri hiyo inafuta utatuzi wowote ulioanza kwenye hatua ya tano, kwa hiyo nakili faili pembeni kwanza. Mwisho `git rebase --edit-todo`, inayofungua orodha ya hatua zilizobaki, bandika ile mistari mitatu juu kabisa, kwa mpangilio uleule, kisha `--continue`.

NJERI: Na mwenye kuwasha `rerere`, kipengele cha Git cha kukumbuka utatuzi wa migongano, ajihadhari. Git inakumbuka utatuzi ule mbaya na kuurudisha kimyakimya. Ukiona kwenye hatua ya tatu ujumbe unaosema `using previous resolution`, jua ndilo kosa lako limerudi. Piga `git rerere forget nauli.py`, halafu `git checkout -m nauli.py` alama za mgongano zionekane tena. Ila usiizime `rerere`. Hiyohiyo ndiyo itakayokutatulia hatua ya nne tena ikiwa mgongano wake haujabadilika.

HAMISI: Sasa, kama tungeunda amri yenyewe, tuseme `--rudi 3`, wengi wangesema ihesabu `HEAD~3`, yaani komiti tatu nyuma ya HEAD. Napinga kabisa. Mstari wa `done` si sawa na komiti moja. `exec`, inayoendesha amri nyingine, na `break`, inayosimamisha ribezi, hazizai komiti. `fixup` inaingiza komiti yake ndani ya komiti iliyotangulia. Komiti iliyobaki tupu inaweza kudondoshwa.

NJERI: Na reflog, kumbukumbu ya kila HEAD inaposogea?

HAMISI: Nayo haitoshi. Ukirekebisha komiti kwa `git commit --amend` mara mbili ndani ya hatua moja ya `edit`, inayosimama ili uhariri, reflog ina maingizo matatu kwa mstari mmoja. Dawa ni kuandika: kabla ya kutekeleza kila mstari, weka namba kamili ya komiti ya HEAD (hashi yake) kwenye faili kando ya `done`. Kurudi hatua tatu kunakuwa kusoma namba ya mstari wa tatu kutoka mwisho, kurejesha HEAD hapo, na kuhamisha mistari mitatu kutoka `done` hadi juu ya `git-rebase-todo`, ile orodha ya hatua zilizobaki.

NJERI: Usisahau faili ya `rewritten-list`. Inaoanisha komiti ya zamani na mpya. Isipopunguzwa nayo, huki ya `post-rewrite`, skripti ambayo Git huiendesha baada ya ribezi, itapewa komiti ulizokwisha kuzitupa. Kwa mkono watu huisahau daima, na hiyo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kutaka amri rasmi.

HAMISI: Amri hiyo ikatae kabisa kama kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Tena isitue katikati ya msururu wa `fixup`, maana ujumbe unaounganishwa uko kwenye faili za muda; irudi hadi `pick`, mstari wa kuchukua komiti, iliyoanzisha msururu.

NJERI: Na `exec`?

HAMISI: Hapo Git haina uwezo. Kama mstari wa `exec` ulibadilisha jedwali kwenye hifadhidata ya majaribio, HEAD itarudi lakini jedwali litabaki vilevile. Amri ichapishe kila `exec` itakayorudiwa, isubiri ukubali, ndipo iendelee.