Sarafu mpya za Mfalme Charles, na kinachozifanya ziwe pesa

Karibuni, na mlio nyuma sogeeni mbele viti vipo. Hili nimeshalisema kila ninapopewa kipaza sauti na leo nalisema tena, kwa sababu bado watu wananitumia picha kwenye WhatsApp, mwalimu nimenunua sarafu ya kutawazwa Mfalme Charles, imeandikwa ni pesa halali, nikiiweka miaka kumi itapanda? Na mwingine ana chupa imejaa sarafu za Malkia Elizabeth, mama yake Charles, kaambiwa akimbie nazo benki kabla hazijaisha muda. Jamani! Za Malkia hazijaisha muda. Alipofariki Septemba 2022 zilikuwepo kwenye mzunguko kama bilioni 27 na zote zinaendelea, zinachanganyika na za mwanawe mpaka zichakae zenyewe. Sarafu haifi na mfalme. Inakufa kwa tangazo, kama ilivyokufa ile pauni ya duara tarehe 15 Oktoba 2017, mliokuwepo Uingereza mnakumbuka watu walivyohangaika kutafuta kwenye makochi.

Sasa hilo neno tangazo ndilo nataka mlishike. Sheria ya sarafu ya Uingereza ni ya mwaka 1971, na inampa mfalme, akiwa na Baraza lake la Ushauri, mamlaka ya kutangaza sarafu iwe na thamani gani, uzito gani, upana gani, picha gani na maandishi gani. Kuna kamati ya wataalamu tangu 1922 inayochambua michoro, waziri wa fedha anapeleka, mfalme anakubali, tangazo linatoka kwenye gazeti la serikali la London. Bila hilo tangazo una kipande cha chuma kizuri tu.

Kuna atakayesema, lakini si ina sura ya mfalme na imetoka kiwanda cha serikali, unataka nini tena? Haya, ngoja nikupe Edward wa Nane, na hapa nitakaa kidogo maana hii inatuhusu sisi wenyewe.

Edward alishika kiti Januari 1936. Kuna desturi tangu enzi za Charles wa Pili kwamba kila mfalme anatazama upande tofauti na aliyemtangulia. Baba yake alitazama kushoto, kwa hiyo yeye alipaswa kulia. Akakataa! Alitaka kushoto, upande wenye njia ya nywele zake, na kwa kuwa ni mfalme wakamchora hivyo. Kiwanda kikatengeneza sampuli, ikiwemo sarafu mpya ya peni tatu, ya shaba ya njano, yenye pembe kumi na mbili, na chache wakazipeleka kwa wenye mashine za kuuzia vitu wakazijaribu. Halafu Desemba huyo huyo 1936 jamaa akajiuzulu ili amuoe mwanamke anayempenda. Tangazo la kuingiza sarafu zake sokoni halikutoka. Baadhi ya hizo sarafu za peni tatu hazikurudi kiwandani, zikabaki mikononi mwa watu, zina sura yake, zimetoka kiwanda cha serikali kabisa, na hazikuwahi kuwa pesa hata siku moja.

Na huku kwetu? Huku Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa inatumia senti tano na senti kumi zenye tundu katikati, zile zilizochorwa pembe za ndovu. Tundu lipo, sura haina pa kukaa, linaandikwa jina tu, kwa hiyo hakuna cha kusubiri mchoraji wala ugomvi wa kushoto na kulia. Zikapigwa 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme na kaisari wa India, zikaja zikatumika Mombasa, Kampala, Dar, Unguja. Bibi zenu wamenunulia chumvi kwa ndururu, hiyo senti tano, ya mfalme ambaye London kwenyewe hawakuwahi kuishika sarafu yake kwenye chenji. Isiyo na sura ilikuwa pesa halali, yenye sura haikuwa. Na mimi nikiishika ile ndururu nafurahi kuliko dhahabu, nawaambia ukweli wangu.

Tena tukizungumzia dhahabu, kuna sovereign, yaani sarafu ya dhahabu, ya Edward ambayo Royal Mint, hicho kiwanda cha serikali, walitangaza 2020 kwamba imenunuliwa kwa pauni milioni moja. Milioni moja! Haijawahi kuwa halali kwa malipo ya kitu chochote. Ile ndururu iliyokuwa halali kabisa unaipata kwa bei ya chai na mandazi. Kwa hiyo uhalali ni kitu kimoja na bei ni kitu kingine, na yule anayekupigia simu kukuuzia sarafu anajua hujui hilo.

Halafu huo uhalali wenyewe ni mwembamba mno. Maana yake ni deni: mtu akikudai, ukampa kiasi kamili kwa pesa halali akakataa, hawezi kukushinda mahakamani kwamba hukulipa. Basi. Duka halilazimishwi, wengi siku hizi wanataka kadi tu na sheria haiwakatazi. Tena kuna mipaka, peni 1 na 2 ni halali mpaka jumla ya peni 20 tu, 5 na 10 mpaka pauni 5, 20 na 50 mpaka pauni 10, za pauni moja na mbili ndiyo kiasi chochote. Scotland noti zote si pesa halali kwa maana hiyo ya sheria, hata za Benki Kuu ya Uingereza, sarafu ndiyo halali, na bado watu wanauziana kwa noti kila siku bila tatizo.

Sasa kuanzia 2013 Royal Mint waliuza sarafu za madini ya fedha za pauni 20 kwa pauni 20, baadaye 50 na 100 hivyo hivyo. Watu wakafikiri wameweka akiba. Walipozipeleka benki, benki zikawa zinazikataa. Ziliuzwa kwa maneno pesa halali, zina tangazo la Malkia, na benki haizitaki, utamshtaki nani? Hii inaniumiza kwa sababu aliyenunua mara nyingi ni mzee aliyetaka kuwaachia wajukuu kitu.

Muda unaniishia na michoro sijaigusa, basi haraka. Charles kachorwa na Martin Jennings, hana taji, anatazama kushoto maana mama yake alitazama kulia. Nyuma kuna viumbe: kindi mwekundu kwenye peni 2, jani la mwaloni kwenye 5, samaki samoni kwenye 50, nyuki kwenye pauni. Namba kubwa ili watoto wajifunze kuhesabu. Kodi ya faida ukiuza sovereign na Britannia, sarafu za madini ya thamani, haipo kwa mkaazi wa Uingereza, hapo uhalali unasaidia kweli, ila hilo linataka siku yake.

Jambo la mwisho. Mkiwa Uingereza mkapewa chenji, angalieni peni 50 yenye samoni, mwaka 2023. Zimetoka 200,000 tu, chache kuliko hata ile ya Kew Gardens, bustani ya mimea ya London, ya 2009 iliyokuwa 210,000. Hiyo wakusanyaji wanaitafuta, na wewe utakuwa umeipata kwa peni 50 zake zile zile, hujampa mtu wa simu hata senti.