Do ya kifuani

Wanakwaya wenzangu, kabla sijaendelea, kila mtu aweke kidole kooni, juu ya kongomeo. Akina dada, hata nyie mnalo, papaseni tu. Mezeni mate. Limepanda, siyo? Sasa pigeni miayo, mdomo wazi. Limeshuka. Basi, huko kupanda na kushuka ndiko kunakomtenga teno wa leo, mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu, na teno wa zama za mtunzi Mozart.

Yule wa zamani hakushindana na mtu kwa nguvu. Noti ikiwa juu, aliiacha sauti ya kifua, ile nzito ya kuzungumzia, akaingia ya kichwa, nyepesi, na ufundi wake ulikuwa kuvuka bila mshono kuonekana. Teno Anton Raaff aliimba Idomeneo, opera ya Mozart (mchezo wa kuigiza unaoimbwa), mjini Munich mwaka 1781 akiwa na miaka 66! Mwaka 1835 mtunzi Bellini alimwandikia teno Rubini fa iliyo juu ya do ya juu. Hakuna aliyetarajia aitoe kifuani.

Halafu akaja teno Gilbert Duprez. Aprili 1837, Paris, katika Guillaume Tell, opera ya mtunzi Rossini, akaipandisha sauti ya kifua mpaka do ya juu. Watu wakapagawa. Rossini mwenyewe, inasimuliwa, alisema ni mlio wa jogoo aliyehasiwa anapochinjwa. Lakini nani alimsikiliza? Siri ilikuwa ile miayo: kongomeo chini, koo pana, sauti nzito. Mwaka 1840 madaktari wawili wa Lyon, Diday na Pétrequin, waliiandikia makala, wakaiita sauti iliyotiwa giza.

Anayeniuma mimi ni Adolphe Nourrit. Naye alikuwa teno; nafasi ileile ya Guillaume Tell yeye ndiye aliyeiimba kwanza, mwaka 1829, kwa mtindo wa zamani, na Paris ikampenda. Jumba la Opera la Paris lilipomwajiri Duprez kando yake, akajiuzulu. Akaenda Napoli, Italia, kwa mtunzi Donizetti kujifunza upya, mtu mzima wa miaka thelathini na ushee. Ile sauti nzito akaipata kiasi, ila sauti ya kichwa, iliyompa jina, ikampotea. Donizetti akamtungia opera, Poliuto. Wakuu wa Napoli wakaipiga marufuku. Machi 1839 alijirusha kutoka ghorofani. Mwili uliporudishwa Ufaransa, mtunzi Chopin alimpigia kinanda kanisani Marseille.

Duprez naye hakudumu; sauti ilichakaa mapema, akabaki kufundisha.

Nawaambia haya kwa sababu Jumapili nawaona teno wetu: mishipa ya shingo imesimama, kidevu kinatazama dari, kongomeo limepanda hadi chini ya ulimi. Hiyo si ya Mozart wala ya Duprez. Hiyo ni kupiga kelele.

Teno, simameni. Tunaanzia so, taratibu. Ukisikia sauti inataka kwenda kichwani, iache iende.