Hati Ndani ya Mwanzi: Mhadhara Kuhusu Wilaya ya Umphang

Habari za jioni. Ninyi mliosimama nyuma, karibuni mbele, viti vipo. Hakuna mtihani.

Niliombwa nizungumzie wilaya moja ya vijijini huko Kusini-Mashariki mwa Asia: ardhi yake, watu wake na huduma zao. Nimechagua Umphang, mkoa wa Tak, magharibi mwa Thailand, mpakani kabisa na Myanmar. Nimeichagua kwa sababu ya jina lake. Wenyeji husimulia kwamba zamani wasafiri na wachuuzi waliotoka upande wa Burma, jina la zamani la Myanmar, walipaswa kupita hapo kugongewa muhuri hati zao. Hati hizo walizikunja, wakazitia ndani ya pingili ya mwanzi na kuiziba, zisilowe njiani. Wakareni, watu wa milima hiyo, waliiita hati hiyo umpha, na kutoka hapo likaja jina Umphang. Majina ya mahali hayakosi hadithi, mnajua wenyewe. Lakini hii naishika, maana hata leo ukitaka kujua nani Umphang anatibiwa bure, nani anasoma na nani anaruhusiwa kusafiri, inabidi uanze na karatasi.

Tuanze na ardhi. Umphang ina kilomita za mraba 4,325 hivi, na hakuna wilaya kubwa kuliko hiyo Thailand nzima. Unguja na Pemba zinaingia humo zote mbili na nafasi inabaki. Ila usidhani ni tambarare ya kulima kwa trekta. Ni milima na misitu, na sehemu kubwa imehifadhiwa kisheria. Hifadhi ya wanyamapori ya Umphang ipo humo, na upande wa kusini msitu unaungana na Thungyai Naresuan na Huai Kha Khaeng, ambazo UNESCO iliziweka katika urithi wa dunia mwaka 1991. Ndani ya hifadhi kuna maporomoko ya Thi Lo Su, ambayo watalii huyafuata kwa boti za mpira. Maji ya milima hii hushuka kusini hadi kuwa mto Mae Klong unaomwaga katika Ghuba ya Thailand. Kwa hiyo mtu wa pwani ya huko, asiyewahi kusikia habari za Umphang, anayaona maji yake kila siku.

Kiutawala haitatusumbua. Wanachokiita amphoe ni wilaya, tambon ni kata, muban ni kijiji. Mkuu wa wilaya anateuliwa kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkuu wa kijiji anachaguliwa na wanakijiji. Kata ziko sita. Umphang ilipata hadhi ya wilaya kamili mwaka 1959.

Sasa barabara, na hapa naomba nikae kidogo. Inayofika Umphang ni barabara namba 1090 kutoka mji wa Mae Sot, kilomita 164 hivi. Kona zake zimehesabiwa: 1,219. Wauza fulana wameiandika namba hiyo vifuani, na mtalii akishuka garini uso umemgeuka rangi ya majivu, anainunua kama cheti cha kuhitimu. Usafiri wa wananchi ni pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, songthaew, maana yake safu mbili. Wazee wa Dar es Salaam mliopanda chai maharage, ni kitu kilekile.

Barabara hiyo ilijengwa kwa damu. Miaka ya 1970 wapiganaji wa Chama cha Kikomunisti walikuwa na ngome katika milima hii, na wajenzi na walinzi wao walishambuliwa mara nyingi, hata watu wakaiita barabara ya mauti. Serikali ilikuwa inajua inachokitaka: barabara ikifika, askari atafika, na mwalimu nyuma yake. Wapiganaji nao walijua hivyohivyo. Mwaka 1980 serikali ya waziri mkuu Prem Tinsulanonda ilitoa amri namba 66/2523, ambayo kwa ufupi iliwaambia waliokuwa msituni warudi nyumbani bila kushtakiwa. Vita vikapoa, lami ikaendelea.

Lakini lami hiyo inafika mjini Umphang na kwenye vijiji vya jirani. Vijiji vya ndani, hasa kata za Mae Chan na Mae Lamung zinazoelekea mpakani, vina njia za udongo mwekundu. Kuanzia Mei au Juni hadi Oktoba mvua inaponyesha, magari hufungwa minyororo kwenye matairi, na pale minyororo inaposhindwa watu hutembea.

Wanaoishi huko wengi ni Wakareni. Wapo Wahmong, wapo Wathai waliotoka mikoa ya kaskazini, wapo waliovuka mpaka wakikimbia vita vya Burma. Kilimo cha asili cha Wakareni ni cha mzunguko: unafyeka kipande, unachoma, unapanda mpunga wa mlimani pamoja na pilipili, maboga na mboga za kila aina, kisha unakiacha kipumzike miaka kadhaa na kurudi kikishakuwa kichaka tena. Maofisa wa misitu kwa miaka mingi wamekiita kilimo hicho uharibifu. Mwaka 2013 wizara ya utamaduni ya nchi hiyohiyo ikakiorodhesha miongoni mwa urithi wa utamaduni wa taifa. Mkulima mmoja, jembe moja: ofisi hii inampa cheti, ile inampa kesi.

Nije kwenye huduma. Thailand ilianzisha bima ya afya kwa wote mwaka 2002. Mgonjwa alikuwa akilipa baht 30, fedha ya huko, basi. Dunia nzima inausifu mpango huo, na mimi nausifu. Lakini soma sharti lake: ni kwa raia, mwenye namba ya utambulisho yenye tarakimu 13. Katika namba hiyo, tarakimu ya kwanza inasema wewe ni nani. Ikianza na sifuri, wewe si raia. Serikali imekuandikisha tu kwamba upo. Na chini yako kuna asiyeandikishwa kabisa.

Hebu fikirini mko kwenye kiti cha mganga mkuu wa hospitali ya wilaya kama hii. Fedha inakuja kwa hesabu ya vichwa vya raia. Wagonjwa wanakuja kwa hesabu ya magonjwa. Mama kafika na uchungu baada ya kubebwa kwa machela, hana namba. Utamrudisha? Hospitali ya Umphang haikuwarudisha, ikajulikana nchi nzima kwa madeni. Daktari aliyeiongoza kwa miaka mingi, Worawit Tantiwattanasap, akawa sauti ya hoja moja rahisi: vimelea vya malaria na kifua kikuu haviulizi kitambulisho. Machi 2010 baraza la mawaziri lilikubali kuanzisha mfuko wa afya kwa watu wenye matatizo ya hadhi ya uraia, takriban laki nne na nusu nchini. Ulisaidia sana. Ila uliwahusu walioandikishwa; wa chini kabisa wakabaki palepale, na gharama yao ikabaki hospitalini.

Nikitaja malaria, kuna jambo linalotuhusu hapa moja kwa moja. Mpaka huu wa Tak ndipo vimelea vilipozoea dawa moja baada ya nyingine. Mwaka 1994, katika kambi za wakimbizi za eneo hilo, walianza kutibu kwa dawa mbili pamoja, artesunate na mefloquine. Wazo hilo la dawa mseto ndilo lililokuja kuenea duniani, na sisi Tanzania tukaanza kutumia ALu mwishoni mwa 2006. Kwa hiyo ukimeza ile mseto, kuna deni dogo kwa milima hiyo.

Shule: Julai 2005 serikali iliamua kwamba kila mtoto aliyeko Thailand asome, awe na hati au asiwe nazo. Asiye na namba hupewa na shule namba inayoanza na herufi G, na walimu huwataja hivyohivyo, watoto wa G. Vijiji vya mbali vinahudumiwa na shule zinazoendeshwa na polisi wa mpakani. Ndiyo, polisi mwenye magwanda anashika chaki; mpango huo ulianza mwaka 1956. Kuna pia vituo vya elimu ya watu wazima milimani ambako mwalimu analala hukohuko.

Umeme nitaupitia haraka. Kati ya 2004 na 2006 serikali iligawa mitambo ya jua kwa takriban kaya laki mbili zisizofikiwa na gridi. Paneli zilipelekwa hadi vijiji vya milimani, fundi hakupelekwa. Betri zilipokufa, mingi ikanyamaza.

Halafu kuna Nu Po, kambi ya wakimbizi ndani ya wilaya hii tangu 1997. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana watoto wake humo. Mapema 2025 Marekani ilipositisha misaada, zahanati za kambi za mpakani zilifungwa, na hospitali za Kithai zikabeba wagonjwa. Agosti mwaka huohuo serikali iliridhia wakimbizi wa kambini waruhusiwe kuajiriwa kihalali, jambo ambalo kwa miongo lilikuwa mwiko.

Na Oktoba 2024 ilikuwa imeridhia kuharakisha ukaazi na uraia kwa watu wapatao 483,000 wasio na uraia. Kazi hiyo inafanywa na makarani wa wilaya, faili kwa faili, kwa ushahidi wa mzee wa kijiji anayekumbuka fulani alizaliwa msimu gani wa mavuno.

Naona mkono kule. Enhe? Unauliza kwa nini wasijenge barabara nyingine ya mkato. Swali zuri. Walianza. Barabara namba 1117 ilitoka Khlong Lan, mkoa wa Kamphaeng Phet, ikapanda mlima kuelekea Umphang, ikasimamishwa kwa ajili ya msitu. Leo watalii hupiga hema mahali paitwapo Chong Yen, kilomita ya 93, ndani ya hifadhi ya Mae Wong, ambako chui-milia bado wanazaliana. Kila baada ya miaka kadhaa hoja ya kuimalizia inafufuka, na wanamazingira wanaizika upya. Kwa hiyo mtu wa Umphang anayekwenda Kamphaeng Phet, mkoa anaopakana nao, anapanda kwanza kaskazini kona zote 1,219 hadi Mae Sot, anageuka mashariki kwenda Tak, halafu kusini. Njiani kuna vizuizi vya ukaguzi. Askari anaangalia tarakimu ya kwanza ya kitambulisho. Ikiwa ni sifuri, anauliza kibali cha kutoka nje ya eneo, na kibali hicho mwenye nacho alikiomba kwanza wilayani, akagongewa muhuri, akakikunja, siku hizi kwenye mfuko wa nailoni.