"Pesa za kutalii milimani unatoa wapi?" Haya, leo najibu

Tangu niweke zile picha za mlimani, swali ni lile lile: "Pesa za kutalii kila wikendi unatoa wapi?" Mwingine akaandika, "Ulienda kutafuta maisha au kutafuta majani?" Huyo alinichekesha, nakubali. Lakini acha nijibu. Nikinyamaza naringa, nikisema ukweli nalalamika, sasa mtachagua wenyewe.

Nilianza kupanda milima kwa sababu sikuwa na ruhusa ya kufanya kazi. Ndiyo hivyo. Kibali changu cha kazi cha huku Marekani kiliisha muda wake Agosti, na kipya nilikuwa nimeshaomba mapema. Ada nimelipa, alama za vidole nimetoa, risiti ninayo mpaka leo. Kadi yenyewe ya kibali haiji. Kazini wakaniambia kwa upole kabisa nisirudi bila kadi. Asubuhi unaingia kwenye tovuti: ombi lako linashughulikiwa. Jioni: linashughulikiwa. Nikawa nafungua ukurasa ule usiku wa manane, kama vile kuna mtu anafanya kazi saa hizo. Basi mwenzangu ninayeishi naye, ambaye ana gari, akachoka kuniona, akasema twende mahali, tutachangia mafuta. Utalii wangu ndio huo.

Tulikwenda New Hampshire, kwenye White Mountains, kama saa mbili na nusu kwa gari kutoka Boston. Njia ni ya mzunguko, Franconia Ridge: kilomita 14 hivi, na ukijumlisha miinuko yote unapanda zaidi ya mita 1,100. Kilele cha juu kabisa, Mount Lafayette, kina mita 1,600. Najua kuna mtu ameshaguna, mita 1,600 nao ni mlima? Mimi pia niliguna. Niliguna mpaka nilipofika juu ya msitu.

Nilikuwa nimevaa jinzi na fulana ya pamba. Msinicheke. Chini kulikuwa na jua, watu wanatembea na mbwa. Njia ya Falling Waters inapanda kando ya maporomoko ya maji, unavuka mto kwa kurukia mawe, na majani yaliyoanguka yamefunika kila kitu, mizizi na mashimo pia. Jani bichi lililolowa juu ya jiwe ni sabuni. Nililowa mara ya kwanza mtoni, mara ya pili kwa jasho, na tukiwa karibu na Little Haystack, kilele cha kwanza, manyunyu yakaanza. Pale miti inakuwa mifupi, inakufika kiunoni, yote imeinama upande mmoja. Hatua chache zaidi, miti imekwisha. Upepo ukanipiga ubavuni, nikakaa chini bila kupenda. Jinzi iliyolowa ilikuwa imenikakamaa mwilini kama bati. Nilitaka kupiga picha, kidole hakikubonyeza. Mwenzangu aliniangalia midomo, akasema tunarudi. Sikubisha. Tukashuka njia ile ile tuliyopandia, kwenye mawe yale yale yaliyolowa, na nusu yake niliishuka kwa makalio.

Picha ya siku hiyo hamkuiona kwa sababu haipo.

Majuma mawili baadaye tulirudi. Katikati hapo nilipita maduka ya mitumba: suruali ya nailoni, sweta la sufu la mzee fulani, koti la mvua ambalo zipu yake inataka kubembelezwa. Viatu viliniuma mfukoni, siwaambii bei. Kuna aliyeuliza mbona nimevaa kizibao cha rangi ya chungwa kama fundi wa barabara. Jamani, vuli huku ni msimu wa kuwinda, nataka mwindaji ajue mimi si paa. (Na nikisema vuli msifikirie mvua, nasema majira ya majani kubadilika.)

Tuliondoka usiku, kwa sababu wikendi za majani maegesho yanajaa mapema mno, na katikati ya Oktoba saa kumi na mbili jioni jua linazama. Msituni giza linatangulia. Tochi ya kichwani ni lazima hata kama unapanga kurudi mchana. Simu niliiweka kifuani ndani ya sweta, maana baridi inamaliza betri huku unaangalia.

Safari hii upepo ulikuwa umelala. Kutoka Little Haystack unapita Mount Lincoln hadi Lafayette, karibu kilomita tatu juu ya mgongo wa mlima, hakuna mti hata mmoja, pande zote mbili bonde. Chini miti ya maple ilikuwa nyekundu kwa mabaka, katikati njano, na karibu nasi kijani kizito cha misonobari. Ile njano ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, klorofili ikivunjika ndipo inajitokeza. Nyekundu ndiyo inayotengenezwa upya, na mchana wa jua ukifuatiwa na usiku wa baridi huikoleza. Kivuli cha wingu kilipita juu ya bonde lote taratibu, na rangi zikazimika na kuwaka tena nyuma yake. Hapo ndipo nilipopiga ile picha.

Ng'ambo ya bonde ni Cannon Mountain. Kulikuwa na mwamba pale wenye sura ya mzee, ukaporomoka Mei 3, 2003, lakini mpaka leo sura yake iko kwenye vibao vya barabara za jimbo. Mzee hayupo, makaratasi yake yanatembea. Mimi nipo mzima, makaratasi hayatembei.

Picha hiyo hiyo ndugu yangu mmoja akaitupa kwenye kundi la familia: "Huyu ndiye anayesema hana hela." Sikujibu. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Gharama moja nitaitaja, kadi ya Hike Safe, dola 25. Jimbo la New Hampshire likikuokoa na ikaonekana ulizembea, wanaweza kukudai gharama. Kadi inakukinga na deni hilo, labda uwe umefanya ujinga wa makusudi. Ni hiari. Mimi nililipa kwa sababu nilishajijua na jinzi zangu. Wewe pima mwenyewe, miguu yako na mfuko wako siujui. Kupandia Falling Waters na kushukia njia ya pili ya mzunguko, Old Bridle Path, ndiko kulikonifaa, magoti yangu yalishukuru. Mwingine atakwambia vingine.

Kibali kilifika Januari, bahasha ya kawaida tu, imechanganywa na matangazo ya pizza. Kwa hiyo wale mnaouliza mbona siku hizi siweki milima: nimerudi kazini, na zamu zangu zote ni wikendi. Nimeomba Jumamosi moja ya Oktoba. Bosi anasema ataangalia.