Mbaazi Ziongezwe, Ugali Upunguzwe

Mhadhara kwa wanaohudhuria kliniki ya kisukari na familia zao, Mikindani, Mtwara

Shikamooni wazee wangu. Assalaam alaykum, na wenzangu Wakristo, Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie mapishi ya mtu mwenye kisukari, na naona wengine mmekuja na kalamu. Ziwekeni chini kwanza. Kila mara mtu ananionyesha simu yake, kuna pishi lenye matunda na nafaka ambazo hata ukizipata hapa, bei yake inamaliza hela ya dawa. Chakula kinachotufaa kinalimwa Newala, Masasi na Nachingwea, kingine kinavuliwa hapo mbele. Tatizo letu liko kwenye kipimo na kwenye sufuria.

Tuanze na ugali wa muhogo. Makopa yakishasagwa, unga wake ni wanga karibu mtupu, na wanga ukifika tumboni unageuka sukari. Sisemi uache. Nasema ugali wako wote usizidi ngumi yako. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe samaki au kunde, na ugali ukae kwenye robo iliyobaki. Ming'oko, ile mizizi ya porini, nayo ihesabiwe humohumo. Watu wanaitafuna njiani kupoza njaa, wakifika nyumbani wanasonga ugali kama kawaida. Mzee wangu, ugali umeshakula!

Mama pale ananitazama, najua ana swali la uji wa ulezi. Ni kweli, ulezi na mtama vina nyuzinyuzi kuliko sembe. Lakini ukivisaga laini ukapika uji, vinapita tumboni upesi na sukari inapanda upesi. Afadhali ugali kidogo wa mtama, uliosongwa mgumu, kuliko bakuli la uji. Na ule uji unaotiwa "sukari kidogo tu" mimi naujua: vijiko vitatu. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4.

Sasa mbaazi, na hapa nitakaa. Tunazilima wenyewe, magunia yanakwenda mpaka India, halafu sisi tunazifanya kitoweo cha maandazi asubuhi. Mbaazi kavu zina protini gramu 20 na ushee katika kila gramu 100, na nyuzinyuzi kama gramu 15. Hizo nyuzinyuzi ndizo zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Basi mbaazi zijae bakuli, andazi liondoke. Ziloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka ziive vizuri lakini zisivurugike. Tia kitunguu, nyanya, bizari, na hoho ukiwa nayo. Nazi, nikisema iachwe mtanifukuza. Tumia tui la pili, lile jepesi, kikombe kimoja kwa sufuria ya watu sita. Tui zito lina mafuta mengi ya aina isiyofaa moyo, na kisukari peke yake kinatosha kuhatarisha moyo na mishipa. Chumvi kidogo, mwishoni. Pembeni weka matembele au kisamvu. Anza na mboga na mbaazi, ugali umalizie. Mpangilio huo tu unasaidia sukari isipande kwa kasi.

Lipo jambo la sinia. Sinia ni udugu, ila kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Bibi mmoja alipopakuliwa sahani ya peke yake alinuna, akasema wajukuu wamemtenga. Nyumba nzima ikabidi ihamie kwenye mbaazi nyingi na ugali kidogo, na yeye akawa anapakuliwa wa kwanza, palepale mkekani. Akala.

Samaki sina maneno mengi: changu wa kuchoma, dagaa wa mchuzi, supu ya pweza, vyote sawa. Mafuta yaliyokaangia tangu juzi mnayajua wenyewe. Korosho kiganja kimoja, zisizo na chumvi, kwa sababu gramu 100 zina kilokalori zaidi ya 550. Msimu wa mabibo, bibo moja la kutafuna halina ugomvi. Jagi la juisi, hapana. Uraka, pombe ya mabibo, nao ni hatari ya namna nyingine: pombe kwenye tumbo tupu, kwa anayetumia insulini, inaweza kushusha sukari mno akiwa usingizini.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Anayetumia insulini au glibenklamaidi, vile vidonge vya kushusha sukari, asikate ugali ghafla kwa sababu yangu. Apite kliniki kwanza, dozi iangaliwe. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho, pima. Ikiwa chini ya 4 (kwa mashine inayosoma milimoli kwa lita), koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Wakati huo hakuna mtu wa kukukataza sukari. Kama kipimo hakipo karibu, kunywa tu.

Pishi lolote jipya, liwe la jirani au la simu, lipime hivi: angalia sukari kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Watu wazima wengi hutakiwa wawe chini ya 10 hapo. Daktari wako anaweza kukupangia kiwango kingine.

Mbaazi zimeiva huko nyuma, tui la pili, bila andazi. Nesi yuko mlangoni na mashine. Pimeni kwanza, mnawe mikono, ndipo mpakuliwe. Maswali tutajibizana tukiwa tunakula, na saa mbili zikitimia nesi atawapima tena.