Akina Henty wa Sussex: familia iliyoifukuzia ardhi hadi Australia

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wasikilizaji, ahsanteni kwa kunikaribisha.

Mtu akitaka kufuatilia familia ya Kiingereza iliyohamia Australia enzi za ukoloni, kwa kawaida hukimbilia orodha za abiria wa meli. Si vibaya. Lakini orodha hukuambia nani alipanda meli, haikuambii kwa nini alishuka bandari hii akaiacha ile. Kwa hilo mimi hufuata sheria za ardhi: nani aligawiwa ekari, kwa masharti gani, na nani alifika mgao umekwisha. Leo tuwatazame akina Henty wa West Tarring, kijiji cha Sussex karibu na Worthing.

Baba yao, Thomas Henty, alizaliwa 1775. Alikuwa mkulima, akajihusisha na benki, na sifa yake ilienea kwa kondoo wa merino, aina inayosifika kwa sufi bora, ambao asili yao ni kundi la Mfalme George wa Tatu. Huyu hakukimbia njaa. Alikuwa na wana saba waliokuwa wanakua, na mali ambayo ikigawanywa mafungu saba, kila mmoja angeshuka daraja. Ukisoma barua walizoandikiana, unaona kwamba kushuka huko ndiko walikokuogopa kuliko bahari yenyewe.

Sasa, kwa upande wa hati. Uingereza ilianza usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo Julai 1837, na sensa ya kwanza kuhifadhi majina ya watu nchi nzima ni ya 1841. Akina Henty walishaondoka. Kwa hiyo unarudi kwenye madaftari ya kanisa, yaliyoamriwa tangu 1538: ubatizo, ndoa, maziko, basi.

Mwaka 1829 serikali ilifungua koloni la Swan River, magharibi mwa Australia, kwa masharti yaliyowatoa watu udenda. Ukileta mali ya pauni 3, unapata ekari 40. Ukileta mfanyakazi mmoja mtu mzima, ekari 200. Oktoba mwaka huohuo ndugu watatu, James, Stephen na John, walishuka pale kutoka meli Caroline wakiwa na kondoo, farasi na vibarua, wakastahili zaidi ya ekari 84,000. Niseme hapa neno moja kwa mnaotafuta mababu waliokuwa vibarua: masikini hawa, ambao kwingine hakuna aliyejali kuwaandika, huko majina yao yanaweza kuonekana kwa sababu tajiri wao alikuwa anawadaia ardhi. Kibarua aliandikwa kwa kuwa alikuwa na thamani ya ekari 200.

Ekari zilikuwa nyingi, udongo ulikuwa mchanga. Ndugu hao wakageuza macho kuelekea Van Diemen's Land, kisiwa tunachokiita leo Tasmania, na baba akaanza safari kuwafuata. Hapo sheria ikawatangulia. Mwaka 1831 London ilifuta ugawaji wa bure. Tangu hapo ardhi ya serikali ikauzwa kwa mnada, bei ya chini shilingi 5 kwa ekari. Thomas alifika Launceston 1832, mwaka mmoja baada ya mlango kufungwa. Wakaomba wapewe badala ya walichokiacha Swan River, wakakataliwa.

Ndipo mwana wa nne, Edward, aliyekuwa ameiona ghuba ya Portland, pwani ya kusini ya bara la Australia, mwaka mmoja kabla, alipovuka mlango wa bahari wa Bass kwa skuna (jahazi la matanga) Thistle na kutia nanga hapo tarehe 19 Novemba 1834. Alikuwa na miaka 24, na ruhusa ya serikali hakuwa nayo. Agosti 1835 Richard Bourke, gavana wa koloni la New South Wales, alitangaza kwamba yeyote anayekalia ardhi ya Taji, yaani ardhi ya serikali ya Uingereza, bila idhini ni mvamizi. Tangazo lilimlenga John Batman, aliyedai kuwa amenunua ardhi kwa wenyeji wa Port Phillip, eneo lilipo leo jiji la Melbourne, lakini lilimgusa Edward vilevile. Mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wa makazi ya kudumu ya Wazungu katika jimbo la Victoria alikuwa mvamizi kwa sheria ya Waingereza wenyewe. Agosti 1836 Meja Thomas Mitchell, mpimaji mkuu wa serikali, alitokea ndani ya nchi akidhani anapita nyikani, akakuta nyumba na shamba, na watu wa kumpa unga na mboga! Mwaka uliofuata akina Henty wakaingia ndani kwenye malisho aliyoyasifu. Shamba mojawapo waliliita Muntham, jina la Sussex. Mkitafuta familia msidharau majina ya mashamba. Mara nyingi yanakurudisha kijijini.

Na wenyewe wa ardhi? Ni Wagunditjmara, ambao kwa miaka ipatayo 6,600 walichimba mifereji na kujenga mitego ya mawe ya kufugia na kuvulia mikunga huko Budj Bim. Mwaka 1833 au 1834 wavuvi wa nyangumi waliwaua Wagunditjmara wa ukoo mmoja karibu na Portland, katika ugomvi wa nyangumi aliyekwama ufukweni. Mahali hapo panaitwa Convincing Ground, na jina hilo limo katika shajara ya Edward Henty ya Desemba 1835. Mwaka 1841 Edward ni miongoni mwa waliomsimulia habari hiyo George Augustus Robinson, ofisa aliyetumwa kuwalinda wenyeji. Hivyo anayechambua karatasi za familia hii kwa ajili ya ukoo tu, akaruka kurasa hizo, amesoma nusu.

Machi 2007 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliwatambua Wagunditjmara kuwa na haki za wenyeji wa asili juu ya ardhi ya takriban hekta 140,000, na mwaka 2019 UNESCO ikaiingiza Budj Bim katika Urithi wa Dunia. Ili kushinda kesi kama ile, sheria hukutaka uthibitishe kwamba unatokana na watu waliokuwapo Waingereza walipoitwaa nchi. Maana yake wajukuu wa wenyeji nao walilazimika kuketi na madaftari ya misheni, shajara za walowezi, taarifa za akina Robinson na masimulizi ya wazee, kuunganisha mtoto na mzazi, kizazi baada ya kizazi.

Nakaribisha maswali.